Katuni Tatu za Mashujaa, na Ile Niliyoiharibu

Mwanangu Keza,

Mama yako ameshakwambia habari za chandarua, za kuanika nguo siku za mvua, na za kutomwazima mtu kitambulisho chako hata akiwa rafiki. Nimemsikia tangu asubuhi akiyarudia huku anakufungia sanduku, nawe unaitikia "yego, Mama" bila kuchoka. Mimi hayo siyagusi. Sasa mmetoka nyote wawili kwenda Kacyiru kumuaga shangazi yako, nyumba imetulia, nami nimekaa mezani na daftari la dukani. Kesho utapanda basi la Dodoma pale Nyabugogo. Nimeazimia kwamba halitaondoka kabla sijakupa barua hii mkononi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho utakachosomea huko uendako. Pia kwa sababu ni kwa Kiswahili hikihiki nilikukosea.

Nataka kukupendekezea katuni za mashujaa. Najua inachekesha, mzee wa miaka yangu kumwandikia binti wa chuo habari za watu wanaoruka angani. Lakini miezi michache iliyopita ulikuja dukani Kabeza kuniletea chai, nikakuona unatazama kwenye simu katuni ya zamani, zile za wanyama wanaokimbizana bila kusema neno, muziki ukifuata nyayo zao. Ulikuwa unatabasamu. Nikakuuliza, "Mbona hutazami na zile za mashujaa? Siku hizi zinachorwa vizuri sana."

Ukazima simu. Ukasema, "Za mashujaa siziwezi, Baba."

Ukachukua kikombe ukaondoka. Sikukuuliza sababu. Niliijua kuliko mtu yeyote.

Kabla sijaendelea: maneno yako nitayaandika yamenyooka, bila kuonyesha yanapokwama. Kigugumizi chako nimeshakiiga vya kutosha maishani mwangu.

Unajua kwamba zamani nilikuwa msimulizi wa filamu, lakini hujui ilivyoanza, kwa sababu niliacha kuizungumzia. Tuliporudi Rwanda kutoka Kagera nilikuwa kijana, Kinyarwanda changu kina kutu, Kiingereza changu cha kubahatisha. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho, mdomo. Kule tulikotoka nilikuwa nimeona mtu akikaa na kipaza sauti mbele ya runinga, anawaeleza watu filamu kwa lugha yao. Nikafanya vivyo hivyo hapa, kwenye kibanda cha video karibu na Nyabugogo. Wapagazi, madereva, wachuuzi kutoka Kongo na Tanzania, wote walikaa kwenye mabenchi wakanisikiliza. Nilipokuwa sielewi wahusika wanasema nini, nilitunga. Hakuna aliyejali, mradi wacheke. Baadaye nikaanza kurekodi sauti yangu juu ya filamu, tukaziuza kwenye CD, kisha kwenye flashi. Mtu akiingia teksi akasikia sauti yangu kwenye redio ya dereva, nilijiona mkubwa.

Wewe ulizaliwa katikati ya sauti hiyo. Ulipoanza kuongea, maneno yako yalikuwa yakikwama mlangoni, na mimi, msemaji wa mji mzima, nikaona aibu. Nakuambia leo kwa sababu hukuwahi kuisikia kutoka kwangu: niliona aibu. Ulipokuwa unatafuta neno nililisema mimi. Wageni walipokuuliza jina, nililitaja mimi. Nilijiambia nakusaidia.

Jioni tulikuwa tunatazama pamoja zile katuni zisizo na maneno. Ulikuwa unacheka mpaka unalala sakafuni pale mnyama anapokimbia hadi nje ya mwamba, anasimama hewani, anatazama chini, ndipo anaanguka. Nilidhani unapenda kuanguka kwake. Imenichukua miaka mingi kufahamu kwamba ulipenda pia mahali ambapo hakuna aliyelazimika kusema kitu.

Kwa hiyo ya kwanza ninayokupendekezea ni ile iliyo karibu zaidi na hizo. Nimeipa jina langu mwenyewe, ndiyo mazoea ya kazi yetu: Fundi Radi. Ni fundi wa nguzo za umeme aliyepigwa na radi, na tangu hapo anaweza kuishika radi mikononi. Imechorwa kwa mkono, mistari minene myeusi, watu wa vichwa vya mviringo na macho makubwa, kama zamani. Kila sehemu ni hadithi kamili ya dakika chache, unaitazama unapokula ukaimaliza na sahani. Wanasema kidogo sana. Ninachokipenda ni kwamba kila anapoitumia radi, siku inayofuata hasikii kitu, na sehemu nzima inaendelea bila sauti hata moja. Hapo mchoraji anafanya kazi kweli. Msimu wa pili uruke. Walimletea mbwa anayeongea, wakaharibu kila kitu. Anza na sehemu ya tano, ya daraja, kisha rudi mwanzo.

Katuni za mashujaa nimezitazama dukani, Keza, tangu siku ile ya chai, nikizikatiza mteja anapoleta simu iliyovunjika kioo. Nyingi nimezitupa. Zina kelele, wanapigana tangu mwanzo mpaka mwisho, na zimechorwa kwa haraka hata mdomo hauendi na neno. Mtu aliyelelewa na katuni za zamani huwezi kumdanganya kwa kelele.

Sasa nifike kwenye ile niliyoiharibu.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimepata mfululizo mmoja wa wanyama mashujaa wanaoulinda mji wao: simba wa moto, tai, na kobe mwenye ngao mgongoni aliyekuwa akija nyuma ya wenzake daima. Wewe uliupenda kabla sijauwekea sauti. Ulimpenda kobe. Ulimchora kwenye mlango wa choo kwa mkaa, na mama yako akakuacha.

Kobe alikuwa akiongea polepole kwa Kiingereza nisichokielewa. Nilimjaribu kwa sauti nzito pale kibandani, watu wakapiga miayo. Nikamjaribu kama mlevi, wakaguna tu. Kisha alasiri moja, kibanda kimejaa, kobe akafungua mdomo, nami nikampa kigugumizi. Sikukifikiria. Kilitoka chenyewe, kwa sababu nilikuwa nakisikia nyumbani kila siku, nakijua kinapoanzia na kinapokatikia. Kibanda kililipuka. Mpagazi mmoja alianguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko.

Nikaenda kurekodi mfululizo mzima hivyo. Chumba cha nyuma, blanketi dirishani, kompyuta, kipaza sauti. Wewe ulikuwa umekaa juu ya jerikeni pembeni, umenyamaza kama nilivyokufundisha, umefurahi kwa sababu ni zamu ya kobe. Nikaanza. Nilipomaliza sehemu ile nikageuka, nikakuona uso.

Ukaniuliza, "Baba, kobe ni mimi?"

"Hapana, ni katuni tu."

"Lakini anasema kama mimi."

"Keza, watu watamcheka kobe. Hawatakucheka wewe."

Ulishuka kwenye jerikeni ukatoka. Ningeweza kufuta hapohapo. Ilikuwa ni kubonyeza kitufe kimoja tu. Nilikaa, nikanywa maji, nikaendelea na sehemu iliyofuata.

Yaliyofuata unayajua wewe, mimi niliyasikia nusu. Flashi zile zilienea kuliko kazi yangu yoyote. Watoto wa shuleni kwako wakazitazama. Mwalimu akikuambia usome, darasa zima lilijibu kwa maneno ya kobe, maneno niliyotunga mimi. Wakakuita Kobe. Muhula mzima hukufungua mdomo shuleni, mpaka mwalimu wako akatuita akauliza kama mtoto amepata ugonjwa. Tulitoka pale tukarudi nyumbani. Mama yako akasema, "Vincent, unachekesha watu kwa mtoto wangu."

Nikamjibu kwamba mambo hayo hupita. Na nikaendelea kuziuza flashi zile miezi mingine kadhaa.

Niliacha usimulizi mwaka uliofuata. Mama yako alidhani nimejuta, na wewe labda ulidhani hivyo. Ukweli ni kwamba nilichoka kukutana na macho yako kila nilipoingia chumba kile. Nikafunga kipaza sauti kwenye sanduku, nikafungua duka la simu, nikakuhamisha shule, nikanyamaza. Nilihesabu ukimya ule kuwa ni toba. Miaka yote hii nimeishi na mtu niliyemkosea, nikamnunulia viatu, nikamlipia karo, nikampeleka hospitali, na sikumwambia neno moja ambalo lingetoka kwa dakika moja. Kama kuna kitu nimejifunza ambacho ningependa usijifunze kwa njia yangu, ni hicho. Kuacha kosa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ina maneno, na maneno hayo hakuna anayeweza kukusemea.

Ya pili kwenye orodha yangu naiita Mabawa Mawili. Hii ni ndefu, hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, usirukie katikati. Mapacha wawili wa kike wamepewa jozi moja ya mabawa, na akiyavaa mmoja, mwingine anabaki chini anaishi maisha ya kawaida, anachota maji, anajibu maswali ya watu. Mandhari yake yamepakwa rangi ya maji, milima yake inanikumbusha asubuhi za hapa ukungu unapokuwa bado bondeni. Sehemu tatu za mwanzo zinakwenda polepole, vumilia. Katika sehemu ya nne mapacha wanagombana, na ugomvi wenyewe ni wa kweli, kila mmoja ana haki yake. Katuni za zamani zilikuwa na werevu huo, zilikuacha umpende anayekimbia na anayekimbiza. Adui wao mkuu ni mwalimu aliyewafundisha kuruka. Nilipofika mahali anapowaomba msamaha nilifunga duka mapema, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mlikuwa mnakula. Ulinisogezea kiti. Nikala, nikasema ugali umeiva vizuri, basi.

Kisha ikaja siku ya usaili wako.

Chuo kilisema wanataka kuzungumza nawe kwa video. Mtandao wa nyumbani ulikuwa unakatika, ukaja dukani, ukaiegemeza simu kwenye kabati la chaja. Mimi nilikuwa nyuma yako. Mwalimu wa Dodoma alikuwa na haraka, alikuwa na wengine wanaosubiri. Akakuuliza kwa nini unataka kusomea upimaji wa ardhi. Ulianza vizuri. Ukafika kwenye neno "mipaka", likakwama. Ukajaribu tena, likakwama. Mwalimu akasema, "Binti, ulitaka kusema migogoro?" Nami kutoka nyuma, kwa sauti ileile iliyowahi kujaza vibanda, nikasema, "Mipaka! Anataka kusema mipaka."

Uligeuka. Hukukasirika. Ulinyanyua mkono, kiganja kimenielekea, ukasema, "Baba, niache nimalize."

Ukairudia simu. "Na wewe mwalimu, tafadhali nisubiri. Huwa nachelewa, lakini nafika."

Yule mtu alivua miwani akaiweka mezani. Akasema, "Samahani. Endelea, ninakusikiliza."

Ukaendelea. Uliongea habari za shamba la bibi yako, na jirani aliyekuwa akisogeza mawe ya mpaka kidogokidogo kila msimu, na jinsi ulivyopima kwa kamba ukiwa na miaka kumi na mitatu ukamwonyesha kila mtu mawe yalipokuwa. Ilichukua muda. Mteja aliingia, nikamwashiria asimame. Akasimama. Maneno yalikwama mara nyingi, na kila mara ulisubiri mpaka yakatoka, hukubadilisha hata moja ukachagua jepesi. Nilikuwa sijawahi kukusikia ukiongea kwa urefu ule. Miaka ishirini chini ya paa moja, na sikuwahi kukuacha ukafika mwisho.

Walipokupa nafasi, watu walikupongeza kwa alama zako za hesabu. Mimi najua uliipata pale dukani.

Ya tatu nimeipata baada ya siku hiyo, na ndiyo niipendayo kuliko zote. Naiita Mpagazi. Ni mwanamke wa kituo cha mabasi, kama wale tunaowaona Nyabugogo, ana nguvu za kubeba kitu chochote: basi, daraja, nyumba nzima yenye watu ndani. Lakini nguvu zake ni za kubeba tu. Akimpiga mtu, hata mwizi, zinamtoka kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila sehemu inabidi watunzi wakune vichwa, mji uokolewe bila ngumi. Wanafanya kama zamani, kwa akili na kwa kuchekesha: anamwinua jambazi pamoja na gari lake, anamweka juu ya paa, anakwenda kunywa chai. Tazama jinsi walivyochora mgongo wake, uzito unaonekana. Tazama na mtu ukimpata wa kutazama naye.

Hizo tatu nimeziweka kwenye flashi utakayoikuta mfukoni mwa begi. Humo mna na ya nne, ile ya kobe, kama ilivyotoka kwa wenyewe, bila sauti yangu. Sikupendekezei. Fanya nayo utakavyo, hata kuifuta. Lakini ni haki yako kujua nilichokikuta humo.

Wiki iliyopita niliitazama yote, maandishi ya tafsiri yakipita chini, polepole, kamusi ya simu karibu. Katika sehemu ya mwisho simba anamuuliza kobe kwa nini kila mara anakuja nyuma. Mimi, nilipoirekodi, nilimfanya kobe ajibu kwa kigugumizi kirefu kwamba alikuwa anatafuta maandazi. Watu walilia kwa kicheko. Kumbe kobe alikuwa amesema, "Wa nyuma ndiye anayemwona aliyeanguka." Kisha anarudi peke yake kwenye moshi, anawatoa watu wote waliobaki. Wewe ulikuwa umemwelewa kabla sijamwekea maneno. Ndiyo maana ulimchora mlangoni.

Juzi nilikwenda Nyabugogo. Kuna kibanda cha Kasimu, anawawekea watu filamu kwenye flashi na simu. Nilimuuliza kama ile ya kobe bado ipo.

"Hiyo bado iko, Mzee," akasema, akafurahi kuniona. "Hiyo haiishangi. Watu wanaipenda sana. Hawa hapa nao wanaingoja."

Kulikuwa na vijana wanne au watano kwenye kaunta, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nilikuwa nimepanga kumnong'oneza Kasimu pembeni. Nikaona nikinong'ona nitakuwa bado ni yuleyule. Nikasema kwa sauti, "Msimulizi wa hiyo ni mimi. Ile sauti mnayoicheka ni ya binti yangu. Aliongea hivyo akiwa na miaka tisa, nikamwiga bila ruhusa yake, akaacha kuongea shuleni. Nimekuja kuomba ifutwe."

Kijana mmoja alicheka, akadhani ni mchezo, tena akaiga ile sauti. Mwanamke akamnyamazisha, "Wewe, ceceka." Kasimu akaweka chini flashi aliyokuwa ameshika.

"Mzee, hata mimi nikifuta, wengine wako nayo."

"Najua. Futa ya kwako."

Akageuza kompyuta ili nione, akafuta. Kisha nikaenda kibanda cha pili. Huko wakanifukuza. Cha tatu wakafuta. Kazi hiyo haitaisha, maji yameshamwagika, lakini kila Jumamosi baada ya kufunga duka nitakwenda vibanda vingine, na nitasema maneno yaleyale kwa sauti ileile. Sikuelezi haya ili unihurumie. Nimeyaeleza kwa sababu ni habari yako, na ilikuwa haramu watu wa Nyabugogo waisikie kutoka kwangu wewe ukiwa hujaisikia.

Basi isikie. Keza, nilichukua sauti yako nikaifanya kichekesho. Uliponiuliza, nilikudanganya ukiwa unanitazama usoni. Nilipoona inakuumiza niliendelea. Nilikunyang'anya kobe, na pamoja naye hadithi zote za watu wadogo wenye nguvu kubwa, ambazo mtoto wa miaka tisa anazihitaji kuliko mzee kama mimi. Nimekosa. Nisamehe.

Nasikia geti, mmerudi. Mama yako anacheka kitu, nawe uko katikati ya kumsimulia.

Jibu la barua hii silidai, wala silidai kesho kituoni. Labda litakuja baada ya mwezi, labda baada ya kumaliza chuo. Labda litakuwa hapana, nami nitalipokea hivyohivyo. Lakini siku utakayopiga simu kunijibu, lianze popote unapotaka, na likikwama usikate. Nitakuwa upande huu nimeshika simu, sisemi kitu, mpaka umalize.

Mimi baba yako,
Vincent
Kabeza, Kigali